Kiraka cha Garimoshi la Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Dohani mara ya tatu. Bado ndefu. Nimeipiga tupa tena. Kigarimoshi chenyewe, cha kuchezea, kilitoka Maskati, zawadi ya binamu, umbo la Kiingereza. Nakigeuza kiwe kama lile garimoshi la Tabora, ambalo Baba alikuwa akilichochea moto ujanani. Kazi yangu ya maabara ya shule imenifundisha kulehemu, si subira. Baba haoni tena. Anapapasa kwa vidole. "Bado, Zuwena."

Jumatano, 6 Agosti
Rangi imekubali. Damu ya mzee, kama lenyewe. Nimefurahi kupita umri wangu.

Jumapili, 10 Agosti
Mkusanyaji mmoja wa picha za reli kanitumia picha kwenye simu. Namba ileile ya garimoshi la Baba! Ubavuni mwa kibanda cha dereva pana kiraka kikubwa cha chuma. Baba hajawahi kukitaja. Nimekata bati, nimelehemu, nimetia kwa sindano alama za ribiti, vile vichwa vya misumari. Sawasawa na picha. Nimejisifu.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilimpa Baba kigarimoshi kabla ya chai. Vidole vikafika penye kiraka, vikasimama.
"Nani kakwambia habari ya hiki?"
Akakitupa kigarimoshi ukutani. Dohani imepinda, gurudumu limeng'oka. Kazi ya miezi. Nimekasirika.

Alhamisi, 14 Agosti
Baba anaswali, anakaa tu. Chakula anakirudisha. Nimemwomba radhi na kosa silijui. Naogopa.

Ijumaa, 15 Agosti
Kaniita baada ya sala ya Ijumaa. Kiraka kilitiwa baada ya ajali. Yeye ndiye aliyekuwa akiangalia maji ya tangi la mvuke.
"Nlilala miye, mwanangu. Maji yakashuka, sina habari."
Tangi likapata moto kupita kiasi, likapasuka, likatoboa kibanda. Baba akatupwa nje. Dereva wake, Idi, akabaki ndani. Hakupona. Wakubwa walipouliza, Baba akasema Idi ndiye aliyemwambia maji yanatosha. Lawama ikamwendea maiti. Mjane na mtoto wakatolewa nyumba ya reli.
Namchukia. Nimeliandika neno hilo na silifuti. Kisha nikamtilia maji ya kutawadha, kama kila siku.

Jumanne, 19 Agosti
Binti wa Idi yupo. Bi Mwajuma, Tabora hukohuko. Imamu wa mtaa wao kanisaidia kumpata. Nilitaka Baba apige simu. Hataki. Anasema sauti yake itaomba huruma. Tuandike barua.
Yeye anasema, mimi naandika. Niliweka "nilipitiwa na usingizi kidogo". Nilipomsomea, akanikatiza.
"Futa. Andika nililala. Andika nilimsingizia baba yake."
Nikafuta. Nikaandika.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimeipeleka barua bandarini Mkoani mwenyewe. Imeondoka na boti ya asubuhi.
Niliporudi Baba alikuwa barazani. Kauliza kama bahari shwari. Nikamwambia shwari.
Kaomba uji. Nimempikia. Kaumaliza.