Ufunguo wa Akiba

Nyumba ya Kona, ghorofani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa? Na wifi yangu, bado wanamchosha na zile zamu za usiku? Sisi tu wazima, ila goti langu hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Umeona nyumba ya vyumba vinne, unataka kuinunua upangishe, na unaniuliza mimi kwa kuwa, uliandika, "dada ni mzoefu." Hilo neno ndilo lililonichelewesha kujibu.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba usiikague siku ya jua. Nenda mvua ikinyesha, utazame dari na kuta. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone maji yanaishia wapi. Ulizia kwa majirani, usimtegemee dalali. Dalali hajawahi kukutana na nyumba mbovu maisha yake yote. Na mkataba uandikwe, msome wote wawili, wewe na muuzaji, kabla ya kutia sahihi.

Sasa hili ambalo sijamwambia mtu. Chumba changu cha uani alipanga fundi cherehani, mwanamke mpole, pamoja na baba yake mzee. Mvua zilipoanza alikuja kuniambia paa linavuja. Nikamwambia asogeze kitanda. Akarudi mara ya pili, na ya tatu. Nikajisemea, huyu anatafuta njia ya kupunguziwa kodi.

Asubuhi moja, yeye akiwa kazini, nikachukua ufunguo wa akiba nikahakikishe mwenyewe. Sikupiga hodi. Nilisukuma mlango nikamkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, hana nguo, anakamua shati lake kwenye beseni. Godoro lilikuwa limelowa chapachapa. Akawa anahangaika kuvuta shuka.

"Subiri kidogo, mama, nivae," akasema. "Samahani sana."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Nilirudisha mlango nikabaki uani, sijui niende wapi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jioni fundi akaja. Nilijiandaa kutukanwa.

"Dada, ungepiga hodi tu," akasema, "baba angekufungulia."

Mimi nikaanza kueleza kwamba fundi wa paa nilishamwita, akanizungusha. Uongo mtupu, na alijua.

Paa nililitengeneza wiki ileile, na ufunguo nikampa. Hata hivyo mwezi ulipoisha walihama. Chumba alikiacha kimefagiwa, akanishukuru kwa kukaa naye vizuri.

Juzi nilimwona mzee kwenye foleni ya dawa. Alinitambua, akajisogeza ili nipate nafasi kwenye benchi. Nikajifanya napigiwa simu, nikatoka nje. Dawa ya goti sikuichukua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukinunua, funguo zote wape wanaoishi humo. Na wakikuambia panavuja, panda juu siku hiyohiyo.

Wasalimie wifi na mtoto wenu Kibonge. Mama Mdogo naye msalimie, ila barua hii usimsomee. Nasikia bado anawasimulia watu jinsi ninavyowatunza wapangaji wangu.

Mungu awape nyumba yenye amani.

Dada yako, anayekupenda na kuona haya.