Mlio wa Kipanga

Jumatatu, 3 Machi

Uji wangu hapa steji umeisha mapema. Baridi. Watu wa bodaboda za Nyati, zile za mizigo, wamekunywa wakiwa wameketi kwenye benchi, helmeti chini, kama watu waliolelewa. Wa Kipanga, zile za mbio, wamekunywa juu ya pikipiki, injini inanguruma, moshi wote kwenye sufuria yangu. Nimewaambia uji wangu hautaki petroli. Mmoja amejibu, "Shosho, hiyo ni vitamini." Wakacheka.

Mimi si Shosho. Mimi ni Kukhu, ndivyo bibi anavyoitwa kwetu Bungoma, na sijasahau. Lakini hapa Kangemi kila mwanamke mwenye mvi ni Shosho. Nimechoka kuwarekebisha.

Simiyu alikuwa kati ya wa Kipanga. Mjukuu wangu mdogo. Hakuangalia upande wa benchi kwa sababu Wafula, ndugu yake mkubwa, alikuwa ameketi hapo. Mama yao alikufa wakiwa wadogo. Nimewalea mimi, kwa sahani moja. Sasa ni wanaume na chuma kimewatenganisha.

Alhamisi, 6 Machi

Hawa watu ni makabila mawili. Mtu wa Nyati hubeba kabichi za sokoni, hubeba godoro, hubeba mama na watoto wake. Kiti chake ni kirefu. Koti amelivaa kinyume, zipu mgongoni. Kabla hajaondoka, anamuuliza mama huyo, "Mathe, umekaa?" Halafu anaenda pole mpaka unatamani kushuka utembee.

Mtu wa Kipanga hubeba mmoja tu, wa ofisi, ampeleke mjini au Karen. Kiti kimeinuka nyuma kama mkia wa bata. Analala juu ya tangi kama mgonjwa. Amekata egzosi, bomba la moshi, ili ipige kelele. Taa nyekundu kwake ni pambo. Akikutana na mwenzake barabarani anamsalimia kwa mguu. Mguu! Sijui nani alifundisha watoto wa watu kusalimia kwa mguu.

Zamani steji ilikuwa moja. Wa Kipanga wakaanza kuruka foleni ya wateja, wa Nyati wakawafukuza. Sasa wako ng'ambo ya barabara, pale pa kuosha magari. Simiyu alikuwa na Nyati. Aliiuza akachukua Kipanga. Wafula akasema hiyo ni kama kuhama kanisa. Hawajaongea tangu Krismasi, na wanalala chumba kimoja, pazia katikati.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya ndugu. Nimewakazia macho wote wawili. Mmoja alikuwa anaangalia dirisha, mwingine viatu.

Nikapika kuku. Nikaweka sahani moja makusudi. Wafula amekula upande wake, akatoka. Simiyu akaja, akala upande wake. Ugali umebaki katikati umesimama kama ukuta. Nimeula mwenyewe. Sitamwaga chakula kwa ajili ya wajinga.

Jumatano, 12 Machi

Kelele leo imezidi.

Mtu akianguka barabarani, mwenzake hupita steji akipiga honi tatu fupi. Hiyo ndiyo sheria tangu steji ianze. Ukisikia, unamteremsha mteja, unaacha kikombe, unaenda. Vikombe vyangu vimevunjika sana kwa sababu hiyo na sijawahi kulalamika.

Wa Kipanga wamesema honi ni ya ng'ombe. Wao wakiitana hupiga resi mpaka egzosi inalipuka. Pa! Pa! Pa! Haya. Lakini wakiwa na harusi, ni hivyo hivyo. Timu yao ikishinda, hivyo hivyo. Na wakipita mbele ya benchi kuwakejeli wa Nyati, hivyo hivyo, na hiyo ni kila siku ya Mungu. Sasa nani atajua?

Leo wamepita wakilipua, mtoto wa jirani ameamka akipiga nduru. Wa Nyati wakawapigia kelele, "Ruka Kipanga, ruka! Utatua mochari!"

Nilicheka. Ilichekesha.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kipanga wawili wamekuja mbio kutoka upande wa Waithaka. Wamesimama mbele ya benchi, wakalipua. Wakalipua tena. Mmoja anapunga mkono, helmeti kichwani, kioo chini. Hatukusikia neno.

Wa Nyati wakawageuzia mgongo. Wote. Wafula pia. Mimi nikamwaga maji ya vikombe karibu na gurudumu lao waondoke. Wakaondoka.

Aliyeanguka alikuwa Simiyu.

Lori la mchanga, pale kwenye mteremko. Halikusimama. Magari mengine yamefungana kwa mvua na hakuna aliyetaka damu kwenye viti vyake. Kipanga haibebi mtu aliyevunjika, hakuna pa kumkalisha katikati ya wawili. Ndiyo maana walikuja kwetu. Walitaka Nyati moja. Moja tu. Na zilikuwa zimejaa pale, zinanyeshewa.

Wamempeleka hospitali kwa mkokoteni wa kabichi.

Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Damu ilimwagika sana na alichelewa kufika. Daktari kijana amesema kama angefika mapema, labda. Ameniwekea hiyo labda mkononi kama ananipa peremende.

Atapona? Hawasemi.

Wafula amesimama kwenye korido mchana kutwa. Hajaketi. "Hawakupiga honi, Kukhu. Wangepiga honi." Namwambia anyamaze, ananyamaza, halafu anaanza tena.

Nimempata mmoja wa wale wawili wa jana. Nikamuuliza kwa nini hakuvua hiyo ndoo kichwani aseme kwa mdomo aliopewa na Mungu. Amesema, "Shosho, tuliita. Kila mtu anajua hivyo ndivyo tunaita." Ana macho mekundu. Nilitaka kumpiga kofi. Nilimpa leso.

Jumatatu, 17 Machi

Simiyu ameamka. Ataishi. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, manesi wakanikemea.

Hakuuliza kuhusu mguu. Alishaona shuka limelala chini mahali pake. Alimwangalia tu Wafula.

"Walikuita."

"Sikujua ni wewe."

"Kwa hivyo angekuwa mwingine, ni sawa?"

Wafula akatoka kwenye korido. Nimekaa na kikapu cha chakula magotini, nikafunga kitambaa, nikafungua, nikafunga.

Alhamisi, 20 Machi

Wa Kipanga wamevuka barabara leo. Kwa miguu, bila pikipiki, mawe mkononi. Hao hata dukani huenda na pikipiki. Nikajua hii si mchezo.

Wakavunja vioo vya Nyati ya kwanza. Wa Nyati wakachukua vyuma. Wanawake wa mboga wakafunika bidhaa wakakimbia. Mimi sikimbii. Magoti hayataki na moyo hautaki. Nikasimama katikati na upawa wa uji. Nikasema anayetaka kurusha aanze na mimi, halafu aende hospitali akamweleze Simiyu ameua nani.

Mmoja akasema, "Shosho, ondoka." Nikamwambia niko kwa sufuria yangu, aondoke yeye. Nikawataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Mawe yakaanza kuanguka chini, polepole.

Nilipogeuka nikamwona Wafula. Wenzake walikuwa wameinama nyuma ya pikipiki. Yeye alikuwa amesimama wazi, mikono chini, uso ameuinua. Alikuwa anangojea jiwe.

Sijaogopa hivyo tangu nimzike mama yao.

Jumamosi, 29 Machi

Sipiki. Nimewaambia pande zote mbili. Mpaka wakubaliane mlio mmoja wa mtu aliyeanguka, na usitumike kwa upuzi mwingine, hakuna uji hapa. Wa Nyati wamesema wao hawakuvunja sheria yoyote, honi haikupigwa. Wa Kipanga wamesema hawapigi honi ya watu waliowageuzia mgongo. Wote wana haki. Haki imejaa steji mpaka hakuna pa kukanyaga.

Basi wakae na njaa na haki yao.

Jumapili, 6 Aprili

Simiyu yuko nyumbani. Pazia limetolewa, magongo hayapiti. Wafula anamwekea maji ya kuoga mlangoni, anatoka nje. Simiyu anaoga. Hakuna asante, hakuna karibu.

Nimepika kuku. Sahani moja. Wafula hakuja kabisa.

Alhamisi, 10 Aprili

Kijana wa Kipanga, yule niliyempa leso, amekuja sokoni kunitafuta. Amesema wenzake wengine wameanza kupiga honi. Si wote. Nikamwambia si wote hainitoshi. Akakaa tu, anachokora kucha. Nikarudi naye steji, nikamchemshia kikombe kimoja cha uji. Aliketi kwenye benchi akanywa. Helmeti chini.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya Simiyu kubadilisha bandeji hospitali. Mwenye gari aliyeahidi hakuja. Rafiki za Simiyu wakaja na Kipanga, wakakitazama kiti, wakamtazama yeye, wakaona wenyewe. Mtu wa mguu mmoja hakai juu ya mkia wa bata.

Wafula akaileta Nyati mpaka mlangoni. Ameiosha, na si Jumamosi, siku yake ya kuosha. Amezima injini, ameinamisha pikipiki mpaka karibu ilale. Simiyu akasimama na magongo muda mrefu.

Akapanda. Nikafunga magongo ubavuni kwa mpira wa kufungia kabichi. Hakumshika ndugu yake. Amepeleka mikono nyuma, akashika chuma cha mizigo.

Wafula akauliza, bila kugeuka, "Umekaa?"

Simiyu akakaza vidole kwenye chuma.

Wakaondoka. Pole. Pole zaidi ya mtu aliyebeba mayai. Nikatoka mpaka barabarani niwaone. Pale kwenye tuta karibu na soko pikipiki ikapanda, na nikaona mkono mmoja umetoka kwenye chuma, ukashika koti la Wafula mgongoni, kwenye zipu. Tuta likaisha. Mkono ukarudi kwenye chuma.

Nikangoja mpaka wakakata kona. Halafu nikaingia ndani, nikaloweka wimbi kwa uji wa kesho.