Muattar, Usiseme Mkate Umeharibika

Mtaa wa Wafinyanzi,
Kokand.
3 Machi, 2019.

Mpendwa Muattar, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kama ufuta juu ya mkate wako. U hali gani, mwanangu? Kile kikohozi cha Januari kimekuachia? Huko Tashkent mnashinda kwenye joto la jikoni, kisha mnatoka nje kwenye baridi bila kitambaa kichwani. Usiniambie hufanyi hivyo, nakujua. Sisi huku hatujambo. Goti langu bado lanisumbua, na mama yako ni mzima kabisa, maana jana aligombana na muuza maziwa akashinda.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Sherzod, dereva wa teksi. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinibidi niketi.

Unasema mwaka jana hoteli yenu ilipotafuta mkuu wa jiko la mikate, yule meneja mama kutoka Austria aliuonja mkate wako, akakuuliza wewe mwenyewe unauonaje. Nawe ukamjibu, "Samahani, leo umeharibika, na chumvi haikukaa sawa." Akaandika kwenye karatasi yake. Cheo akapewa Farrukh, ambaye kukanda unga ulimfundisha wewe. Sasa wanafungua hoteli nyingine Bukhara, wanatafuta mkuu wa jiko tena, usaili ni Alhamisi ijayo, na unasema huendi kwa sababu huna la kusema juu yako.

Nilicheka kidogo, nisamehe, kisha nikalia. Nani huku kwetu asingejibu vile? Mgeni akisifu pilau, mwenye nyumba husema mchele umelainika mno. Mgeni hukataa, mwenye nyumba hushikilia, mpaka mmoja achoke, na wote wawili wanajua pilau ni tamu. Yule mama wa Austria hakujua kwamba zamu ya kukataa ilikuwa yake. Aliamini tu ulichomwambia.

Nami yamenipata, ila sijawahi kukusimulia. Unajua nilifunga nyuzi za hariri kiwandani, ili zitiwe rangi kwa kufuata michoro, miaka ishirini na sita. Mwaka ule lile ua la komamanga kwenye vitambaa vyetu lilipopendwa na wanunuzi, mkurugenzi alikuja mpaka tulipokaa, akauliza, "Nani kachora hili?" Nililichora mimi. Nikainamisha kichwa, nikatazama viatu vyangu, nikingoja wenzangu wanitaje kama heshima inavyotaka. Wenzangu nao wakangoja, wasije wakaniaibisha hadharani. Mkurugenzi akachoka. Usimamizi wa wachoraji akapewa mwenzetu Tursunoy, mimi nikafunga nyuzi mpaka nikastaafu. Tursunoy hakuwa mtu mbaya. Lakini niliumia, Muattar, na hadi leo naumia, na ndiyo sababu nakuandikia kwa ukali kidogo.

Hebu nikuulize, unaijua kazi yako? Utasema ni mkate. Mkate wanaujua wengi.

Kumbuka harusi ya mtoto wa mzee Ergash. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Tanuri lao lilibomoka alfajiri, na wageni mia nne walikuwa wanakuja mchana. Wanawake walishika vichwa, mama yako akiwa wa kwanza. Wewe ukaugawa unga uliokwisha kandwa mafungu saba, ukayapeleka nyua saba, ukamwambia kila mama awashe moto gani na auingize mkate lini, ukawa unakimbia ua hadi ua huku viatu vimekuvuka. Saa sita mkate ukaandaliwa, na hakuna mgeni aliyejua kwamba umetoka kwenye matanuri saba. Je, hilo nalo umelisahau?

Sikutaka useme ni mapenzi ya shangazi tu, kwa hiyo juzi nilijikokota na goti langu hadi kwa Bibi Qumri, aliyekufundisha tanuri. Nikamuuliza una nini wewe ambacho wengine hawana.

"Muattar?" akasema. "Yule nikimwachia wasichana watano wavivu asubuhi, nikirudi adhuhuri nakuta wachapakazi watano. Na hakuna aliyetukanwa! Mimi siwezi, shoga. Mimi hutukana."

Basi hicho ndicho ulicho nacho. Unajua kuwapanga watu, na watu wanakubali kupangwa nawe. Mkuu wa jiko anatakiwa afanye nini kingine?

Alhamisi sikutumi ukajisifu. Mtu akiniambia "mimi hodari", hata mimi humgeuzia kisogo. Wewe simulia tu, ulifanya nini na watu wakala nini. Msimulie anayekuhoji habari ya tanuri la mzee Ergash. Mwambie kwamba Farrukh alijifunzia mikononi mwako, na ulisema kwenye barua wapo wengine wawili, nao wataje. Asipokuuliza, mwambie vilevile. Na akiusifu mkate, jibu ni "Asante", halafu funga mdomo. Lifanyie mazoezi mbele ya kioo, maana najua litakukwama kooni.

Utaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, wahenga wamesema. Mbona basi wauza mkate wa soko letu huupaka mafuta kidogo kwa kitambaa ung'ae, wakaugeuza uso kwa mpita njia? Mkate mwema ukiachwa chini ya kapu utachachia humohumo.

Na kama unaogopa jicho la husuda, hilo niachie mimi. Nimechoma majani ya isirik nikaizungushia moshi picha yako mpaka mama yako akakohoa, akaniuliza kama nachoma nyumba.

Ndipo akaja kukaa, akataka nimsomee barua hii. Nilipofika pale pa chumvi, akanikatiza.

"Kumbe aliniamini?" akauliza.

"Wifi," nikamwambia, "tangu mtoto atie mkono kwenye unga, kila mgeni akija unasema huyu hajui chumvi. Ulitaka amwamini nani?"

"Nilizika watoto wawili kabla yake, Saodat. Ningemsifuje mbele ya macho ya watu?"

Tukabaki tunautazama ule mkate ulioumega ulipoondoka, bado umetundikwa ukutani unakungoja urudi uumalize. Miaka sita sasa. Huenda hujui kwamba kila Ijumaa mama yako hupanda kwenye kiti, akaupangusa vumbi, na kiti chenyewe kinayumba.

Sasa hivi ameniomba kalamu, naye unajua tangu aache shule hashiki kalamu ila kwa kutia sahihi. Kwa hiyo nimalizie haraka.

Bibi Qumri anakusalimu, na anasema ukifika Bukhara usijifunze kuweka sukari kwenye mkate. Mzee Ergash anakusalimu, na tanuri lake jipya bado limesimama. Binamu yako Dilorom na watoto wake mapacha wanakusalimu kwa kelele. Mungu akufungulie mlango wa Alhamisi, na ulimi wako aufungue kabla ya mlango.

Ni mimi nikupendaye, nitakayekaa na simu mapajani siku hiyo nzima,
Shangazi yako Saodat.

Chumvi ilikuwa sawa mwanangu. Siku zote ilikuwa sawa.
Mama