Nani Atambeba Mama?

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya ibada tumerudishwa kwa viti. Kijana mmoja wa mambo ya maafa ametufundisha kufunga ndoo ya dharura. Mvua ya mwaka huu si mchezo, akasema, nyinyi wa huku chini mtaa wa Pioneer karibu na mto mjipange mapema. Ndoo yenye kifuniko, ndani tochi, maji safi, dawa, biskuti, filimbi, vitambulisho kwenye nailoni. Linet, rafiki yangu wa kwaya, akauliza kama mume naye anaingia kwa ndoo. Tulicheka hadi mchungaji akatukazia macho.

Mimi sikucheka sana. Nina Mama.

Jumanne, 16 Aprili

Ndoo ni ile ya mafuta ya kupikia. Nimeisugua na jivu mpaka harufu ikaisha. Mume wangu Wesonga ameleta tochi kutoka mjengo anakofanya kazi. Dawa za presha za Mama zimo. Najisikia mtu wa maana!

Mama alikuja kutoka Bungoma mwezi wa kwanza, kwa kliniki ya nyonga. Siku njema anatembea kwa kushika ukuta. Siku mbaya hatoki kitandani. Kwetu mama hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake, wala kuguswa naye, kwa hivyo tulimkodishia chumba kwenye ploti hii hii tunayopanga, upande wa chini. Wesonga akipita hapo anakohoa kwanza, Mama anavuta leso usoni. Husalimiana kupitia ukuta, kwa heshima kabisa, kisha kila mtu na shughuli zake. Hawajawahi kushikana mkono hata siku ya harusi. Wazee wana utaratibu wa kulegeza mwiko huo. Kila Desemba tunasema mwaka ujao.

Jumamosi, 20 Aprili

Biskuti zimeisha. Wageni wa kanisa walikuja ghafla, mkate hakuna — ningewapa chai kavu? Wesonga akasema hiyo pia ni dharura. Nimenunua zingine, nimezificha chini kabisa ya ndoo.

Halafu tumefanya mazoezi. Wesonga na ndoo, mimi na blanketi, binti yetu Sylvia na viatu vyake mkononi, mbio mpaka getini! Majirani walidhani tumevamiwa na nyuki. Mama alitupigia makofi kutoka dirishani kwake. Tulicheka sote. Hakuna aliyeona kasoro.

Jumatano, 24 Aprili

Linet ndiye ameiona. Alikuja kuazima sufuria, akaikagua ndoo, akaisifu, kisha: "Na Mama, nani atambeba?"

Mimi siwezi. Juzi nilijaribu kumwinua bafuni tukaanguka wote wawili. Wesonga hubeba mawe siku nzima. Alikuwa hapo hapo mlangoni, akaanza kuangalia dari kana kwamba inavuja.

Gerishon, jirani wa bodaboda, alisikia, akaniambia: "Mathe, relax. Mto ukipanda nitambeba mgongoni mpaka kanisani." Mungu ambariki.

Ijumaa, 26 Aprili

Mto umefika kwenye sukuma wiki nyuma ya ploti. Watu wanahama. Gerishon naye amehamia kwa ndugu yake huko Kiplombe, hata kuaga hakuaga.

Nimemwambia Mama twende ukumbi wa kanisa leo, kungali kukavu. Vijana wa kumbeba walikuwa bado wako. Amekataa! Ukumbi ni mmoja, watu wote wanalala chini pamoja. "Nilale chumba kimoja na mkwe wangu, Edinah? Aamke aniangalie hivi? Heri maji." Nimemlilia. Nimemkaripia, mama yangu mzazi. Wesonga akasema yeye atalala nje kwa veranda. Mama akasema hawezi kumuua mume wa mtoto wake kwa baridi. Na Linet angempokea kwake huko juu, lakini ameenda Ainabkoi kwa mazishi, nyumba imefungwa. Anarudi Jumanne. Mungu, zuia mvua mpaka Jumanne. Hilo tu.

Jumatatu, 29 Aprili

Maji yameingia asubuhi tukinywa chai. Si polepole — ghafla! Mimi nimekimbilia kwa Mama na ndoo; Wesonga amempeleka Sylvia kanisani mgongoni, akarudi, akasimama nje ya chumba cha Mama akiwa ametugeuzia mgongo. Nikamwambia ingia. "Mwambie Mama naenda stejini kwa bodaboda kutafuta watu wa kumbeba," akasema. Mama yuko hapo, anasikia kila neno! Naye: "Mwambie aende pole pole, maji yana nguvu." Mimi katikati, simu yao.

Sasa nimekaa na Mama juu ya kitanda. Nimepiga filimbi mpaka midomo imekufa ganzi. Wa kuisikia wote walihama. Nimejaribu tena kumwinua, akalia kwa uchungu, nikamwachilia. Naandika kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine.

Ndoo inaelea katikati ya chumba. Kifuniko kimekaza, haijaingiza hata tone. Kila kitu kimo. Naichukia hiyo ndoo.

Maji yamegusa godoro. Mama ananiambia niende, nina mtoto. Siendi. Anaomba kwa Kibukusu, sauti ndogo. Nimemuuliza, Wesonga akikosa watu, utakubali? Anaikunja na kuikunjua ncha ya leso.

Kuna mtu anakuja ndani ya maji. Ni mmoja tu, namsikia vizuri.

Amefika mlangoni. Amekohoa, vile hukohoa siku zote, na amesimama. Mama amevuta leso usoni. Wote wawili wananingoja mimi niseme neno moja: mbebe.