Mashini ya Pili Inazimika Bila Kuaga

Jumanne

Imezimika tena! Siku ya sita sasa. Mashini zetu tatu, kompyuta za ofisi, zinatafuta pamoja majina ya watu waliopotezana wakati wa vita, kila moja na fungu lake. Ya pili ikizimika bila kuaga, zile mbili zinaacha kila kitu na kuanza kugawana fungu lake upya. Saa nzima inapotea. Ingeaga kwanza, zingeingojea tu irudi.

Na watu wanangoja. Mama mumoja wa Pangi, anayetafuta kaka yake, amekaa kwenye benchi toka asubuhi. Kila nikiuliza jina lile, jibu njo moja: orodha haijakamilika.

Nimebadilisha bateri, nimebadilisha kamba za umeme, nimesoma ripoti za mashini mpaka macho yanauma. Bure kabisa.

Leo nikasema siondoki kando ya mashini ya pili. Saa nane ndege ikapita juu. Papa Ramazani, sentinele anayelinda mlango wetu, akaingia mbio, akaizima mashini ile.

"Papa, unafanya nini?"

"Ndege, mwanangu. Itaona taa yake."

Taa ndogo kama punje ya mupunga! Mchana! Nikapiga kelele: vita iliisha, hii njo ndege ya mizigo, inaleta makayabo, samaki ya chumvi! Nikamugeukia yule mama anisaidie kumucheka.

Benchi ilikuwa tupu. Alikuwa chini yake, amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa.

Tukangoja wote watatu mpaka sauti ya ndege ikaisha.

Kesho nitamufundisha Papa kuizima vizuri: kitufe hiki kwanza, iage wenzake, halafu ilale.