Chumba Kinachotazamana na Choo

Mwanza, Jumapili

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Mwanao Alexander anakusalimu. Jana alimaliza sahani nzima ya ndizi.

Chumba tumepata, tunashukuru. Wenye nyumba wengi walitaka kodi ya miezi sita, na matibabu ya mionzi ni miezi miwili tu. Tena dalali alinionya nisitaje ugonjwa, maana watu wanaogopa msiba kwenye nyumba zao. Basi nikamdanganya mama mwenye nyumba, Mama Kulwa, kwamba mume wangu amefuata biashara ya dagaa. Akakubali tulipe mwezi kwa mwezi, akatupa chumba cha chini kinachotazamana na choo. Nilinung'unika moyoni.

Leo nimempelekea ile kahawa ya kutafuna uliyotufungia kwenye jani la mgomba. Akatafuna, kisha akauliza, "Mfanyabiashara wetu ameamkaje?"

Nikaanza kumweleza habari za dagaa.

"Nilimwona siku ile mlipokuja kuulizia chumba, akishuka kwenye bajaji," akasema. "Vyumba vya juu vilikuwepo, lakini zile ngazi asingeziweza."

Mama, ukienda misa hapo Rubya, ukishamtaja mwanao, mtaje na Mama Kulwa.

Mkweo,
Agnetha