Bunduki ya Baba Haichongwi Upya

S.L.P. 18,
Tamarack Fork,
Montana.

22 Oktoba 1978

Mpendwa kaka Arvid,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Maxine. Goti lako linaendeleaje? Huku hatujambo. Mama ametimiza miaka themanini na minne, anakula vizuri na kila asubuhi anagombana na redio. Mimi mafua yalinilaza siku nne, lakini yamekwisha. Theluji ya kwanza imeshaanguka huko juu milimani, bondeni bado.

Viazi vya mwaka huu vimekuwa vizuri. Mama ameoka mikate ya viazi mpaka vidole vikamuuma, na bado hataki kusaidiwa.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikasirika, kwa hiyo sitajifanya nimetulia. Unasema bunduki ya Baba niipeleke kwa fundi Delbert aichonge upya ili itumie risasi za dukani. Tena unasema hunitumii keekee ya Baba, ile aliyochongea chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, ambayo uliondoka nayo kwenda Florida baada ya mazishi. Unajua mtutu umechakaa. Unajua pia kwamba mtutu mpya hauchongeki bila keekee hiyo, maana risasi ya Rygg, yenye jina letu la ukoo, haiuzwi popote. Baba aliibuni mwenyewe mezani pake, na bunduki inayoitumia ni hiyo moja tu. Kwa hiyo unachotaka ni risasi ya Baba ife. Jibu langu ni hapana.

Aliyekuandikia habari zangu namjua. Ni Wendell Prohaska, mwenyekiti wa klabu yetu ya shabaha, na alikuandikia nusu ya habari. Hii hapa habari nzima.

Maganda ya risasi ya Baba yalikuwa yamezeeka. Ganda likijazwa na kupigwa mara nyingi, shingo yake hupasuka, na hayo yalikuwa yakipasuka moja baada ya jingine. Nikatafuta maganda mapya ya risasi kubwa zaidi, nikafanya vile vile alivyokuwa akifanya yeye. Niliyapaka mafuta ya sufu kwa kidole, nikayabana kwenye kalibu hatua kwa hatua mpaka mdomo ukawa na upana wa kushika kichwa cha risasi yetu. Yalikuwa ishirini, na hakuna hata moja lililokunjamana. Baruti niliipima kama daftari la Baba linavyosema, bila kuzidisha hata punje.

Jumamosi moja mwezi uliopita nikaenda kwenye machimbo ya kokoto, ambako wanaklabu wote hukusanyika kurekebisha bunduki zao kabla ya msimu wa kuwinda elki. Risasi ya kwanza ilinisukuma bega kuliko kawaida. Ya pili nayo vile vile, lakini kwa ubishi wangu nikaendelea. Ya tatu komeo la bunduki likagoma. Halikufunguka mpaka nilipoligonga kwa kipande cha ubao, na ganda lilipotoka, fataki yake, ile ya kitakoni inayowasha baruti, ilikuwa imesagika ikawa bapa kabisa. Si jambo dogo, kaka, hilo nakubali.

Wendell hakuniuliza swali hata moja.

"Umemimina baruti mara mbili, dada!" akapaza sauti ili wote wasikie. "Huu si unga wa mkate, useme ukizidi tutakula tu!"

"Nimepima kila moja," nikamwambia.

"Ndivyo wasemavyo wote, mpaka siku tunawazika."

Wakacheka. Kisha akaniambia nisilete tena risasi za kujitengenezea pale, nije na za dukani au nibaki nyumbani na Mama. Miaka thelathini nimepiga shabaha kwenye machimbo yale, Arvid, na wale waliocheka nusu yao mimi ndiye niliyewafundisha kushika mizani. Iliniuma sana. Nilirudi nyumbani nikakaa garini muda mrefu kabla sijaingia ndani.

Jumanne iliyofuata, mchana, nikampelekea Wendell nyumbani kwake risasi zote kumi na saba zilizobaki. Sikubishana naye. Nilimwomba mizani yake, si yangu. Nikachomoa vichwa kimoja kimoja, nikamimina baruti kwenye sahani ya mizani, na namba akazisoma kwa mdomo wake mwenyewe. Kufika ya tisa alikuwa ameacha kutania. Ya kumi na saba ilipotoka sawa na zile nyingine, aliinuka akaenda kuteleka kahawa.

"Sasa ni nini, Solveig?" akauliza akiwa jikoni. "Maana bunduki haikugoma kwa uchawi."

Nami nilikuwa sijui bado. Nikachukua moja ya maganda niliyopiga Jumamosi, nikaweka kichwa cha risasi mdomoni mwake. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: ganda lililopigwa limetanuka, kichwa lazima kitumbukie chenyewe. Hiki hakikutumbukia. Kilikaa pale juu kama kifuniko cha birika.

"Lete maikromita tupime unene," nikamwambia, na safari hii alikimbia.

Shingo zilikuwa nene, kaka. Ukilibana ganda kubwa liwe dogo, shaba yake haina pa kwenda, inajazana shingoni. Ndani ya chemba shingo ikakosa nafasi ya kutanuka, ikaendelea kuing'ang'ania risasi huku baruti inawaka, na mgandamizo ukapanda. Baba hakuandika lolote kuhusu kupunguza shingo kwa sababu yale maganda yake ya zamani yalikuwa membamba tangu kiwandani. Daftari lilisema kweli kwa maganda yake, si kwa yangu.

Kosa ni langu. Ningepima shingo ningeliona siku ile ile, lakini niliuamini mwandiko wa Baba kama watu wanavyoamini sala. Nimelikiri mbele ya Wendell na nalikiri kwako. Ila si kosa mlilonisingizia. Halihusiani na umri wangu, wala macho yangu, wala na mimi kuwa mwanamke.

"Basi, nimekosa," Wendell akasema. "Jumamosi njoo."

"Nakuja. Kwani ulidhani nimekuja kuomba ruhusa?"

Nikaenda. Maganda mapya nimeyapunguza shingo kwa kisu cha mkono, nikayapima moja moja, nikayapiga mbele yao. Komeo lilifunguka kwa kidole kimoja. Kisha nilifungua daftari la Baba, na chini ya mstari wake nikaandika kwa wino wangu: "Shingo zipunguzwe. Pima kwanza." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika mle.

Barua yako nilimsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba yenu alilipua dirisha la jikoni mara mbili na hakuna aliyemwandikia barua. Mwambie Arvid avae soksi za joto." Soksi sijui zinahusiana na nini, lakini nimekufikishia.

Sasa keekee. Niliyeyusha salfa, nikaimimina ndani ya chemba ya Baba, nikaiacha igande, nikaisukuma nje. Umbo zima la risasi ya Rygg likatokea mkononi mwangu, la manjano, kila pembe mahali pake. Fundi Delbert ameipima, na mtu anayetengeneza keekee huko Oregon ameshapokea vipimo. Nimemwagiza aongeze nafasi kidogo shingoni kwa ajili ya maganda ya siku hizi. Mtutu mpya utachongwa kabla ya majira ya kuchipua.

Msalimie sana wifi Maxine, na binti yenu Darlene na mumewe, na yule mtoto wao ambaye bado sijamshika. Mungu awalinde na vimbunga vyenu huko. Ukija, nyama ya elki ipo, na chumba chako kiko kama ulivyokiacha.

Yule mtu wa Oregon aliniuliza achore jina gani kwenye mpini wa keekee, maana Delbert alimwambia ile ya kwanza imeandikwa jina la Baba, E. Rygg. Nimemwambia aandike S. Rygg. Kwa hiyo ya Baba kaa nayo, kaka. Ipake mafuta tu mara kwa mara, hewa ya bahari itaila.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekutii,

Solveig